Kaburi la Ikonkola Lililokosa Mwenyewe

Risala ya Kikundi cha Kufa na Kuzikana cha Ikonkola kwa mgeni rasmi, siku ya kufungua jengo jipya la upasuaji

Mgeni rasmi, karibu Ikonkola. Tulitaka tuanze kwa kukupa pole ya safari, maana barabara ya kutoka Iguguno mvua za mwaka huu zimeitafuna, lakini juzi tumetoa pole mahali pasipohitajika na tukaingia matatani. Kwa hiyo leo tunakupa karibu tu. Maji ya kunywa yako mbele yako kwenye jagi la bluu, na yamechemshwa.

Ulioongozana nao wote tunawakaribisha. Bwana Leonidas, mpimaji wa chuo chenu, tunamkaribisha kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikuja kwenye msiba wetu, akala, akatoa rambirambi, na tukamwahidi kumrudishia kama marehemu asingepatikana. Hakupatikana. Bahasha yake iko kwa mwenyekiti wetu.

Tunajua haijazoeleka kikundi cha kuzika watu kusoma risala siku ya kufungua jengo la kuwaponya. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kwaya ndiyo isome. Kwaya walikubali, kisha wakaomba waimbe badala ya kusoma, na nyimbo walizokuwa wamezishika vizuri ni za Krismasi. Ndipo tukapewa sisi.

SISI NI NANI

Mgeni rasmi, kikundi chetu kina Waislamu na Wakristo, maana kifo hakijawahi kutuuliza tunasali wapi. Tunamiliki masufuria makubwa, turubai, majembe, sururu na rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo karibu na mashine ya kukamua alizeti. Rimu hiyo ikigongwa, kila mtu anaacha alichoshika. Mwenyekiti wetu ni Mama Dorika, ambaye pia ni mkuu wa jiko. Mkuu wa waosha maiti wanaume ni Mzee Hezekia. Mkuu wa wachimbaji ni Simeoni, kijana mwenye mgongo mpana na maneno machache.

Kikundi kina sheria mbili. Ya kwanza tuliitunga wenyewe, baada ya ndugu yetu mmoja kufiwa na mkewe na sisi kumzunguka kwa maswali. Wageni watatoka wapi, kaburi lichimbwe upande gani, tupike nini, mpaka yeye mwenyewe akaanguka tukawa na shughuli ya pili. Tangu siku ile, mfiwa haulizwi. Ukiona dalili za msiba, unatandika turubai na kuwasha moto. Maelezo yatakuja yenyewe.

Sheria ya pili tuliikuta, ni ya wazee. Aliyeosha maiti hasemi alichokiona. Hata kama marehemu alikuwa na kovu, au kilema, au jino la dhahabu, jambo hilo linabaki chumbani na maji yaliyomwagwa.

Tunakuomba uzishike sheria hizo mbili kichwani, maana ndizo zilizotufikisha hapa.

MAFANIKIO YETU, AMBAYO NI HASARA YETU

Kabla ya Daktari Editha kuletwa hapa, turubai letu halikuwa linakauka. Lilitoka kwenye mji huu likaingia mji ule. Alipokuja, masufuria yakaota kutu, na msimu uliopita kuku wa Mama Dorika alitagia ndani ya sufuria la wali akaangua vifaranga, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumwondoa. Kama kikundi hiki kingekuwa duka, tungekuwa tumekwisha kufunga.

Daktari Editha ni mtoto wa Ihanja, kule Ikungi. Ni mfupi, anatembea kama mtu anayefukuzia kuku, na akikukuta umeacha dawa nusu anakusema mbele ya watu. Siku ya kwanza tulimwona tukadhani ni mwanafunzi amekuja mazoezini. Mzee Hezekia alimwamkia "hujambo mjukuu" na kumtuma akamwite daktari. Binti akamwamkia shikamoo, akaenda, akazunguka jengo, akarudi kwa mlango mwingine amevaa koti jeupe, akasema ameitwa.

Mwaka wake wa kwanza, mtoto wa Eliza alitumbukia kwenye lambo la ng'ombe. Walipomtoa hakuwa anapumua. Rimu iligongwa. Simeoni alikuwa amekwisha kubeba sururu begani. Daktari Editha akafika mbio, viatu ameviacha njiani, akamlaza mtoto kwenye matope, akaanza kukandamiza kifua na kupuliza pumzi, kukandamiza na kupuliza, huku Eliza amemshika gauni anamvuta bila kujijua. Watu wazima walimwambia inatosha, amwache mtoto apumzike. Akakandamiza tena. Mtoto akatapika maji ya lambo na kulia. Simeoni akaishusha sururu taratibu, kama mtu aliyekuja nayo kwa kazi nyingine. Leo mtoto huyo ndiye anayeiba mapera ya kanisani, na hakuna anayemchapa kwa moyo wote.

Mgeni rasmi, hatukuja kujisifu tu. Yupo ambaye hakurudi.

Belinda alikuwa binti wa mwenyekiti wetu, Mama Dorika. Uchungu ulimshika, mtoto akakwama, akaingizwa kwenye kile chumba cha zamani cha upasuaji. Daktari Editha alimpasua mwenyewe, muuguzi akishika dawa ya usingizi. Mtoto alitoka analia. Mama yake hakuamka. Daktari alimkandamiza kifua, akaendelea kukandamiza. Tulimzika Belinda kesho yake. Daktari alikuja makaburini akasimama mpaka udongo wa mwisho, halafu badala ya kwenda nyumbani akaja jikoni kwetu akachukua majivu akaanza kusugua masufuria. Hakuna aliyemzuia. Alikuwa anasugua sufuria moja tu, lile lile, na Mama Dorika akamwendea, yeye mfiwa, akakaa chini pembeni yake.

Ndipo daktari alipomwambia, "Mama, mikono yangu ilikuwa tumboni mwake. Alihitaji mtu mwingine kichwani pake, anayeujua usingizi. Nitakwenda kuusomea."

Mama Dorika akamwambia aende. Hilo ndilo agano lililopo, na sisi wote tulikuwa mashahidi na mikono yenye majivu.

CHANGAMOTO, AU JINSI TULIVYOMLILIA MTU ASIYEKUWEPO

Sasa tunafika kwenye habari ulizopelekewa. Tumesikia kwamba huko chuoni kwenu inasemwa wananchi wa Ikonkola walizika sanamu ya chuo. Si kweli. Sanamu ilioshwa, ikafungwa kidevu, ikavishwa sanda na kuombewa nusu ya sala. Haikuzikwa. Kaburi lilichimbwa tu.

Chuo chenu, katika nafasi za kusomea udaktari bingwa wa usingizi, kinataka mwombaji awe na cheti cha kuokoa uhai. Tulieleweshwa kwamba cheti hicho kinaishi miaka miwili kisha kinakufa, hata kama mwenye nacho yu hai na mikono yake inafanya kazi. Cha Daktari Editha kilikuwa ukutani kwake, kimekufa zamani, kinatazama mlango. Hatukipingi cheti. Mtu anayetaka kuwalaza watu lazima athibitishe kwamba anaweza kuwaamsha. Tunaeleza tu jinsi kilivyomkimbia.

Mara ya kwanza alipata nafasi ya mafunzo Dodoma. Alikuwa amekwisha fika stendi ya Iguguno, begi liko ndani ya basi, simu ikaita kuna mama anavuja damu. Basi likaenda na begi, yeye akarudi kwa pikipiki. Mara ya pili nafasi zilijaa. Mara ya tatu, baada ya kuomba na kuomba, chuo kilikubali afanye mtihani wa maandishi kwa kompyuta, akafaulu, na ule wa vitendo aje kupimwa hapa hapa na Bwana Leonidas, ambaye angepita akielekea Shinyanga. Sanamu ya kupimia, yaani mwili wa plastiki wa kujifunzia kukandamiza kifua, itangulizwe kwa basi, ajizoeze nayo kidogo.

Hayo yote sisi hatukuyajua. Daktari hapendi kutangaza mambo ambayo hayajaiva.

Tulichokiona ni hiki. Asubuhi Amosi aliingia kijijini na toyo yake, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo, anaendesha polepole, Amosi ambaye hajawahi kuendesha polepole. Nyuma alikuwa amebeba sanduku refu jeusi lenye vishikio pembeni. Alikwenda nalo moja kwa moja nyumbani kwa Daktari Editha. Daktari akatoka, akaweka kiganja juu ya sanduku, akasimama, machozi yakamtoka. Baadaye ametueleza kwamba alilia kwa sababu alikuwa amekwisha kata tamaa kwamba litafika. Sisi tuliona machozi na sanduku. Halafu tukamsikia akimwambia Amosi alibebe taratibu, alilaze kwenye mkeka sebuleni, afunge na mapazia.

Kijiji kizima kilikuwa kinajua baba yake mzazi ni mgonjwa, huko Ihanja. Jumapili iliyotangulia alikuwa amekwenda kumwona, na Mzee Hezekia alimpa asali ampelekee.

Kabla mtu hajamsogelea, muuguzi alitokea anakimbia, na daktari akakimbia naye kwenda chumba cha upasuaji. Mama Dorika alisimama pale kwenye uzio akitazama mapazia yaliyofungwa. Akasema mtoto wa watu ameletewa baba yake, na bado ameitikia wito wa kazi. Akajifunga kanga kiunoni akaenda kugonga rimu.

Mgeni rasmi, kwa kazi tuliyoifanya siku ile tungestahili kupewa cheti sisi. Turubai lilisimama, vifaranga walihamishiwa kwenye tenga, maharage yakabandikwa, wanawake wakaketi barazani wakilia kwa zamu ili sauti zisiishe. Wapo waliojiuliza kwa nini mzee huyo asizikwe kwao Ihanja. Swali lilipita kutoka mtu hadi mtu likafika kwa Mzee Hezekia, naye akasema binti anayetaka kaburi la baba yake liwe karibu ana haki, na kwamba sheria wanaijua. Mfiwa haulizwi. Simeoni na vijana wake wakaenda kuchimba. Mtu wa pikipiki akatumwa Singida mjini kununua sanda, na Valimohamed mwenye duka la vitambaa aliposikia ni ya baba wa daktari wetu, akakata kitambaa cha kutosha watu wawili warefu, akakataa malipo.

Kisha Mzee Hezekia akaingia kuosha, Simeoni akimshikia maji.

Mambo ya humo ndani tunayasema leo kwa kibali. Wazee walikaa wakaamua kwamba sheria ya kunyamaza haihusu plastiki.

Mzee Hezekia ana mtoto wa jicho. Daktari Editha anamhimiza kila wiki akapasuliwe, naye anasema baada ya mavuno, na hajasema mavuno ya mwaka gani. Kwa hiyo anaosha kwa kupapasa, na siku ile mapazia yalikuwa yamefungwa. Alipapasa kifua akasema ugonjwa umemmaliza, amekuwa mwepesi. Alipapasa kichwa akasema nywele zote zimekwisha, ni dawa kali hizo. Alishuka chini, akapapasa, akapapasa tena, akasema, "Miguu hana. Sukari hiyo."

Simeoni yeye aliona. Aliona marehemu anaishia kiunoni, na kwamba pale anapoishia pana maandishi ya kigeni. Aliona waya ubavuni na vitaa vidogo kifuani. Aliwahi kusikia kwamba huko Dar es Salaam matajiri huwekewa mashine ya moyo, akajiambia kumbe mzee wa Ihanja alikuwa na uwezo. Aliyeosha hasemi alichokiona, na Simeoni ni kijana mwenye nidhamu. Akamimina maji ya uvuguvugu na sabuni, akasafisha ile mashine kwa nje, na kwa kuwa ilikuwa na kifuniko, akakifungua akasafisha na ndani.

Mdomo ulikuwa wazi. Mzee Hezekia aliufunga kwa kitambaa kama inavyotakiwa, akaweka pamba puani, wakamvisha sanda. Wakatoka nje, nyuso zimetulia, hawakusema neno.

Bwana Leonidas alifika mchana na gari la chuo. Aliona turubai, akasikia vilio, akavua kofia. Alipouliza kwa sauti ya chini ni msiba wa nani, akaambiwa ni wa baba yake daktari. Yeye ni mtu mwenye utu. Alikaa upande wa wanaume, akapokea ugali na maharage, akatuma ujumbe Dodoma kwamba mwombaji amefiwa na mtihani uahirishwe. Kwa hiyo mpaka chuo kikawa kimeandika kwamba mzee yule amefariki.

Daktari Editha alitoka upasuaji akiwa na kofia ya kijani kichwani, amechoka na amefurahi, maana mama na mtoto walikuwa salama. Alipokunja kona akaona uwanja wake umejaa watu, alisimama. Ametusimulia kwamba alianza kupita wodini kichwani mwake, kitanda hadi kitanda, nani alikuwa vibaya asubuhi, nani alimwacha na dripu, na kwa kila kitanda alijibu mwenyewe kwamba yule si wa kufa leo. Hakumpata. Akaja mpaka kwa Mama Dorika akachuchumaa.

"Mama, nani ametutoka?"

Mama Dorika akamkumbatia. "Usijikaze, mwanangu. Lia. Tumekwisha kumwosha."

Daktari akatazama mapazia ya sebule yake. Akatazama tena Mama Dorika.

"Mmemwosha nani?"

Hakujibiwa, maana mfiwa akiuliza maswali ya namna hiyo ni huzuni imempanda kichwani. Akainuka akaingia ndani. Akafunua sanda. Akaiona sanamu ya chuo, kidevu kimefungwa, pamba puani, inanukia sabuni ya kufulia. Akakaa sakafuni akaanza kucheka. Alicheka kwa namna ambayo mtu hucheka anapokuwa amepoteza kitu kikubwa, mabega yanatikisika, sauti inakatika. Wanawake wa barazani walimsikia wakasema sasa amelegea, huyo analia, na wakampokea kwa nguvu zao zote.

Alipotoka alichukua simu akapiga Ihanja, akaiweka kwenye sauti kubwa. Baba yake aliitika, akikohoa. Aliuliza hao waliokuwa wanalia ni akina nani, na binti yake akamwambia wanamlilia yeye. Mzee akauliza, "Wamekuja wengi?"

Akaambiwa wamejaa. Akasema tuendelee.

Mgeni rasmi, hapo palikuwa pa kucheka na tulicheka, mpaka Mama Dorika alipoona uso wa daktari na kuuliza ile sanamu ni ya nini. Tulielezwa. Turubai likawa na msiba wa kweli.

Bwana Leonidas alinawa mikono akasema wajaribu. Sanamu ilitolewa kwenye sanda ikalazwa mkekani mbele ya waombolezaji wote. Inavyotakiwa ni kwamba ukikandamiza vizuri vitaa vya kifuani vinawaka kijani, na kifaa kilichomo ndani kinaandika matokeo. Daktari akapiga magoti, akaunyoosha mgongo, akaanza. Kila akikandamiza, maji ya sabuni yalitoka mdomoni mwa sanamu. Kitaa hakikuwaka. Mtu akakumbuka kwamba simu ikiingia maji hufukiwa kwenye mchele. Mchele wa msiba ukaletwa, tukaifukia sanamu mpaka shingoni, tukakaa tukiitazama uso kama wauguzi. Ikatoka pale imekufa vile vile, tofauti ikiwa punje masikioni.

Daktari aliendelea kuikandamiza hata baada ya hapo, jasho linamdondokea, kama alivyofanya kwa mtoto wa Eliza na kama alivyofanya kwa Belinda. Bwana Leonidas alimsimamia mpaka mwisho wa muda uliowekwa. Tunamshukuru kwa hilo. Kisha akasema maneno ambayo tumeyakariri:

"Mimi nimeona, daktari. Kifaa hakijaona. Na chuo kinasoma kifaa."

Akaichukua sanamu akaondoka nayo, pamoja na sanda, maana wazee walikataa kuipokea sanda iliyokwisha valiwa.

Daktari Editha hakumlaumu mtu. Jioni ile alikula maharage nasi. Kesho yake alikuwa kazini, akamsema Simeoni mbele ya watu, lakini kwa ajili ya kidonda cha mguu ambacho hakukifunga. Kile cheti chake kilichokufa alikitoa ukutani akakiweka kwenye droo, chini ya glavu. Mama Dorika alimwona akikiweka, na usiku huo hakulala.

Tangu hapo kaburi liko wazi. Wazee wetu hawakubali kaburi lililochimbwa lifukiwe tupu, wanasema litadai. Mbuzi wametumbukia humo, wakatolewa. Mlevi mmoja pia, ambaye jina hatulitaji kwa kuwa amekaa meza kuu.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, kwenye gari lako la nyuma kuna sanduku refu jeusi lenye vishikio pembeni.

Safari hii hatukugonga rimu. Tuliuliza. Tumeivunja sheria yetu wenyewe, Mama Dorika akamfuata dereva wako alipokuwa anakula mapera, akamuuliza sandukuni kuna nani. Dereva akasema ni sanamu mpya inapelekwa Shinyanga. Na Bwana Leonidas uko naye hapa hapa. Na tumeambiwa mlango wa maombi ya mwaka huu, chuoni kwenu, unafungwa kesho.

Daktari Editha amekaa kule nyuma karibu na mlango. Tulimwambia risala hii itaomba matangi ya maji. Tunajua kwamba hapa tulipofika ameinamisha kichwa na anatafuta pa kupitia. Simeoni amesimama mlangoni.

Ombi letu la kwanza ni nusu saa. Hatuombi apewe cheti. Tunaomba apimwe. Kitaa kisipowaka kwa mikono yake, tutanyamaza, na hatutakisema hata kwa majirani. Kunyamaza tunakuweza, umeona. Mkeka umekwisha tandikwa kwenye chumba kipya ulichokuja kukifungua. Itakuwa sanamu ndiyo mgonjwa wake wa kwanza, na si jambo baya jengo kuanza na mtu ambaye hawezi kufa.

Tunaahidi kutoiosha. Maji yote ya karibu yamefungiwa stoo, isipokuwa jagi hilo la bluu, ambalo tunakuomba ulishike mwenyewe. Mzee Hezekia amekaa mbali kwa hiari yake, na amekubali mbele ya mashahidi kwenda kupasuliwa macho kabla ya mavuno.

La pili, akichaguliwa kwenda kusoma, tutabaki na jengo zuri lisilo na daktari. Tunaomba utusemee serikalini tuletewe mwingine wa kumshikia nafasi, awe mrefu au mfupi. Hatutachagua.

Tunajua unachofikiri, mgeni rasmi, kwa sababu na sisi tunakifikiria. Wakishakuwa mabingwa hawarudi vijijini. Jambo hili tulilijadili jikoni kwa siku nyingi, na wapo waliosema wazi kwamba sanamu iliyokufa ilikuwa baraka, imetubakizia daktari. Mama Dorika aliwasikiliza akiwa amempakata mjukuu wake, mtoto wa Belinda, ambaye anaanza kusimama kwa kushika sufuria. Kisha akasema, "Hata asiporudi hapa. Huko atakakokuwa kutakuwa na binti wa mtu amelala mezani."

Baada ya hapo hatukuwa na mjadala, tukaanza kuandika risala.

La mwisho ni kuhusu kaburi. Wazee wameamua linahitaji marehemu wa kweli, na tumempata. Daktari Editha akifaulu leo, kile cheti chake cha zamani kitatolewa kwenye droo na tutakizika kwa heshima zote, na mgeni rasmi tunakuomba utupe udongo wa kwanza. Kilikufa kwa ajali ya kazi. Asipofaulu tutakiacha kwenye droo na kaburi litaendelea kusubiri, na mbuzi tutaendelea kuwatoa.

Masufuria yako jikoni tangu alfajiri, yamesuguliwa, hayana kutu. Kuna kuku wa kienyeji, wali na mlenda kwa anayejua kuula. Kikiwaka kijani tutakula kama sherehe. Kisipowaka tutakula kama matanga. Chakula ni kile kile, na wapishi ni wale wale, na sote tumekwisha jifunga kanga kiunoni.

Mungu akujalie safari njema ya kurudi, mgeni rasmi, akupe umri mrefu, na siku yako ikifika, iwe baada ya sisi kuwa tumekwisha sahau jinsi ya kupika kwa ajili ya watu wengi. Aibariki mikono ya Daktari Editha. Ambariki na mzee wa Ihanja, ambaye amepiga simu asubuhi hii kuuliza kama leo napo watu wamekuja wengi.

Wamekuja, mzee. Wamejaa.

Ni sisi,
Kikundi cha Kufa na Kuzikana cha Ikonkola.
Imesomwa kwa niaba yao na Yasinta Amosi.